Oili Nyepesi kwa Gari la Mama

Kaka yangu alitoa hukumu pale ngazini, mama akisikia: injini ya gari imekwisha, dalali atakuja Jumamosi kuliona. Nilikuwa nimebeba sinia la mahamri na nusura nimtupie. Gari lile dogo la Kijapani, aliloliacha marehemu baba, ndilo lililokuwa likimtoa mama nyumbani. Tuk-tuk haiwezi, vishimo vya Mji wa Kale humrusharusha mpaka magoti yamlize. Gari likiuzwa, bustani ya Mama Ngina kule baharini atakuwa akihadithiwa tu, na madafu ataletewa chumbani.

Kweli lilikuwa likiumwa. Kila asubuhi nikiliwasha liligongagonga kama mtu anayetwanga, na barabarani lilijikokota hata nikanyage vipi. Lakini ugonjwa huo ulianza baada ya fundi wetu kulibadilishia oili, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Fundi huyo alikuwa rafiki wa baba. Mtaani kwetu fundi haachwi. Ukipeleka gari kwa mwingine ni kama umesusia mazishi. Gari lolote alilitia oili nzito, 20W-50, na ukimuuliza sababu alinyoosha kidole kwenye jua. Pwani nzima inaamini hivyo: oili nyepesi ni ya nchi za baridi, ikifika Mombasa hugeuka maji.

Nikampelekea gari. "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?"

"Hajambo, yuwakusalimu." Tulipomaliza kuulizana hali za nyumba nzima, nikafungua boneti, nikampangusia mfuniko wa oili. Umeandikwa 5W-30, waziwazi.

"Hiyo ni ya kwao Japani," akasema. "Kule kuna theluji. Hapa wataka kuiua injini?"

"Ami, injini ikishachemka yajua iko nti gani? Moto wake ni wake. Jua letu halifiki hata robo."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, ami. Nakwenda kununua mwenyewe, wewe nitilie tu."

Sikuwa nabahatisha. Nilikuwa nimesoma na kuulizauliza mpaka nikaelewa: nambari ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili uzito wake injini ikiwa moto. Ile nzito ilikuwa ikichelewa kupanda juu asubuhi, vyuma vikisagana vikavu. Nyepesi ya sinthetiki, ile iliyoundwa maabara, hufika upesi, na haichoki haraka.

Mwenye duka la spea, Mhindi mpole ambaye Kiswahili chake kinakishinda changu, alishaweka kopo la 20W-50 mezani kabla salamu hazijaisha. Nikalirudisha. Akaleta 5W-30 ya sinthetiki iliyochanganywa na oili ya kawaida, nikairudisha. Akaleta sinthetiki tupu, lakini lakiri ya kizibo imelegea, na mji huu umejaa oili bandia. Nikairudisha hiyo pia.

"Dada, wanunua oili ama wachagua mume?"

"Mume ningechagua kwa haraka zaidi."

Akacheka mpaka akakohoa, akaingia stoo, akatoka na kopo lenye lakiri nzima. Bei yake iliniuma, lakini nililipa.

Fundi alimwaga ile nzito, akabadilisha filta, akaimimina yangu kwa huzuni. "Hii ni chai ya rangi," akanung'unika. Nikawasha. Gari likagonga vilevile. Fundi akafumbata mikono akanitazama, na mimi nikaogopa kwelikweli. Nilimwona mama akilini, akiketi dirishani mwaka mzima. Kisha kugonga kukapungua, kukawa kwa mbali, kukakatika. Fundi akainama, akatega sikio. Nilitamani kupiga vigelegele pale pale gereji, na nikapiga. Mafundi wote wakageuka.

Asubuhi zilizofuata liliwaka kwa utulivu, nami sikumwambia kaka. Nilimwacha aje na dalali wake.

Jumamosi walinikuta mdomoni mwa kichochoro, nimeegemea gari. Dalali akazungukazunguka na uso wa kudharau. "Haya, liwashe tuusikie huo ugonjwa."

"Limewaka," nikamwambia.

Akaweka kiganja juu ya boneti. Akainama. Akamtazama kaka, na uso wa kudharau ukamtoka. "Hili nalichukua leo," akasema, akampandishia bei papo hapo. Kaka akatabasamu, akafungua kinywa kuitikia.

Kioo cha nyuma kikashuka. Mama alikuwa ameshakaa ndani, buibui limenyooka, mkoba mapajani.

"Dalali, mwanangu, tupishe ndia. Gari haliuzwi. Mimi nakwenda Mama Ngina."

Dalali akapisha. Kaka alibaki amesimama, akilisikiliza gari. Kisha akafungua mlango wa mbele wa abiria na kuingia.