Mlo wa Milango Mitano

Mpango mzima ulitugharimu jogoo mmoja mwekundu na aibu kidogo ya mama yangu. Nimehesabu mara mbili, haizidi hapo.

Kila adhuhuri kijijini kwetu Msimbati, harufu ya tui la nazi na samaki wa kukaanga ilipotoka majikoni, mdogo wangu Mwanaidi naye alitoka. Alikuwa na miaka saba, amezaliwa na hali ya Down, mfupi, mcheshi, na hakupita mlango bila kusimama. Kwetu mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Akiwa mtoto, humkaribishi, unamkalisha. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila Mwanaidi alikuwa mgeni wa kila siku na jembe hakuliona.

Mwaka ule alianza kuhema njiani kwenda kisimani. Zahanatini muuguzi alimpima, akatazama mzani, akampima tena. Nikampenda hapo hapo. Alieleza kwamba miili ya watoto wengi wa hali ile hutumia chakula polepole, uzito hupanda upesi, na moyo wa Mwanaidi haukuwa wa kubebeshwa mzigo. Apewe mboga, samaki, matunda, ugali kidogo, na vyote viwe laini kwa kuwa alitafuna kwa shida. Kisha akamuuliza mama mtoto anakula mara ngapi kwa siku.

"Mara tatu," mama akasema.

"Nane," nikasema mimi, maana nilikuwa nimemfuata siku mbili nikihesabu. Mama alinifinya mpaka tukatoka nje. Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba, na kibaba chenyewe ni mdogo wangu.

Kumfungia ndani tulijaribu. Akalia mpaka majirani wakamletea maandazi. Basi nikawaendea wenyewe, nyumba tano, nikianzia kwa Bi Somoe, ambaye sahani yake ilikuwa na mlima wa ugali.

"Mtoto asimame mlangoni anaangalia chungu changu, nimwambie nenda?" akaniuliza. "Mimi mchawi?"

"Usimwambie nenda, bibi. Mpe samaki tu. Ugali atakula kwa Bi Hadija."

"Hadija atoe muhogo, mimi nitoe samaki? Umetumwa na Hadija wewe."

Tuliafikiana kwa jogoo. Bi Hadija akatoa matonge mawili ya ugali wa muhogo, nyumba ya tatu mchicha, ya nne mbaazi zilizopondwa, ya tano papai. Milo mitano ikawa mmoja unaotembea. Mlinzi wa mkataba alikuwa Mwanaidi mwenyewe: ukimpa papai kabla ya mbaazi, anakurudishia sahani. "Bado," anasema, na kukuonyesha vidole vinne. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa hiyo. Msimu wa korosho ulipokwisha, alifika kisimani bila kuketi njiani, na mzani haukuwa umepanda.

Sasa ni mtu mzima, naishi naye Mtwara mjini, karibu na bandari. Majirani ni watu wema, ila kila mmoja anakula nyuma ya geti lake. Sahani namwandalia ile ile. Anakula ugali, anaacha mchicha, anakwenda kusimama dirishani. Baadaye namkuta dukani na soda. Ameanza tena kuhema. Mageti ya mtaa wetu nimeyahesabu mara mbili: ni matano. Majogoo ninao wawili. Kama kuna aliyewahi kugonga geti la jirani asiyemzoea, akamwomba amlishe nduguye mboga tu, bila ugali, naomba anishauri: unaanza na salamu, au unaanza na jogoo?