Kidole cha Jirani

Kwa miezi mitatu, kila asubuhi kabla sijafungua duka langu la vitenge Kariakoo, mama alinitumia picha kutoka Magomeni: mashine yake ya kupima sukari, na namba juu yake. Sita nukta moja. Tano nukta tisa. Kabla ya hapo namba zilikuwa zinapanda kila siku, nami nampigia namfokea kuhusu wali na chai. Sasa zilikuwa nzuri hadi nawaonyesha wateja. Mtu mwenye kisukari cha miaka kumi, jamani, namba kama za msichana!

Siku moja picha ilikuja kama kawaida, tano nukta nane. Saa nne jirani yake, anayekaanga vitumbua barazani, akapiga simu analia. Mama ameanguka, miguu haina nguvu.

Hospitali walimpima: ishirini na saba. Daktari akanieleza kwamba sukari ikikaa juu hivyo mtu hukojoa mno, na mkojo huondoka na maji pamoja na chumvi za mwili. Potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo, ilikuwa imeshuka mpaka moyo ukaanza kudunda ovyo. Hata insulini wangempa kwa tahadhari, maana ingeishusha potasiamu hiyo zaidi.

"Atapona?" nikauliza. Akaniuliza sukari imekuwa juu tangu lini.

Nikabisha. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha za miezi mitatu, nikasema mashine yao ndiyo mbovu. Daktari hakubishana nami. Aliushika mkono wa mama, akaugeuza. Vidole laini, hakuna hata alama moja ya sindano. Nyuma yangu jirani, aliyemleta mama, alikuwa anaficha mikono yake ndani ya khanga. Nikaivuta. Ncha za vidole vyake zilijaa vidoa vyeusi.

Sijawahi kuumia namna ile. Wanawake wawili watu wazima, kila asubuhi mmoja anatoboa, mwingine anatobolewa, na mimi mjinga nashangilia damu ya muuza vitumbua. Siku mbili sikumsemesha mama, ingawa sikubanduka kitandani pake.

Siku ya tatu moyo wake ulitulia. Nikamuuliza kwa nini amenidanganya, mimi mwanawe wa kumzaa.

Alitazama dripu kwanza.

"Namba ikiwa mbaya ulikuwa unapiga simu kunigombeza tu," alisema. "Ikiwa nzuri, ulikuwa unaniamkia."