Sahani ya Meneja

Meneja wa uzalishaji wa kiwanda cha unga pale mtaa wa Picha ya Ndege hapiti penye kiroba bila kuuvuta uzi wake kwa kidole gumba. Alianza hapo kwa kushona viroba. Cheo kimepanda, kidole kimebaki kulekule. Leo mchana harufu ya dagaa ilimtoa ofisini. Akawakuta washonaji wenzake wa zamani wamelizunguka sinia la ugali, wanataniana kama enzi zile. Akakunja mikono ya gauni, akanawa. Vicheko vikakatika. Maua, shoga yake aliyekuwa akigombea naye ukoko, akainuka haraka.

"Shikamoo, bosi. Karibu."

Akamletea sahani yake peke yake, na kijiko. Meneja akakipokea, maji yangali yakimdondoka vidoleni.