Kifuniko cha Dumu la Ulanzi

Sijatulia kitini tangu mjomba aingie akichechemea na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi. Harufu ile imenirudisha utotoni, nyuma yake kwenye pikipiki, tukitoka Njombe kupeleka ulanzi ukweni kwake Makambako, mvua ikimwagwa kwa ndoo. Dumu nililikumbatia mimi.

"Usikaze kifuniko, mama," mjomba alinionya. " Ulanzi unachacha, lazima upumue."

Ulanzi ukaruka, ukanilowesha sweta la shule, nikakikaza kifuniko. Kwenye kona kikafyatuka kwa mlio uliosikika mpaka Lupingu, kule mbali ziwani. Mjomba akashtuka, tukaangukia mtaroni. Goti lake halikunyooka tena.

"Utelezi huu," alisema, akinipapasa mifupa yote.

Miaka yote nami nimeulaumu utelezi.

Leo dumu kaliweka mbali nami.

"Kifuniko nimekilegeza mwenyewe," akasema.