Kamba ya Katani kwa Punda wa Lushinge

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, miaka ile ya sabini tulipokuwa tumekwisha kuhamia kijiji cha ujamaa, baba aliponipakia kwenye baiskeli yake tukaenda kumtazama punda. Wenzetu walinunua punda wa kuchotea maji na kubebea pamba. Baba alitaka punda wa kumpeleka Kabula shule, yaani mimi, na kijiji kizima kilikuwa kimeshamcheka.

Wewe usimcheke. Ugonjwa wa kupooza ulinipitia ningali natambaa, ukaniachia mguu wa kushoto mwembamba usiopenda safari. Shule ilikuwa ng'ambo ya mbuga. Kiangazi nilikwenda kwa baiskeli, lakini mvua zikianza, udongo ule mweusi wa kwetu huganda kwenye magurudumu mpaka yanagoma kuzunguka, nami nilibaki nyumbani hadi zikatike. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia kwa upole kwamba nikikosa msimu mwingine mzima, nafasi yangu atapewa mtoto mwingine. Upole wake haukunifuta machozi.

Ngoja nikueleze na habari ya kamba, maana vijana wa siku hizi mnanunua kila kitu pamoja na kamba yake. Kwetu mnyama aliuzwa, kamba haikuuzwa. Mnunuzi alikuja na ya kwake, na ikishaingia shingoni mwa mnyama, biashara imekwisha. Anayeivua amejivunjia heshima. Kwa hiyo niliisokota kamba ya punda wangu mwenyewe, kwa katani ya ua wetu, mpaka vidole vikachubuka. Mama alisema kamba ile ingetosha kumfunga tembo.

Lushinge, mwenye punda, alikaa njia ya kwenda Ushirombo. Walikwisha kupatana na baba kwa kutumiana salamu kwamba malipo yangekuwa mbuzi wetu. Kilichobaki ni kumwona mnyama. Mlangoni tulimkuta mama yake, kikongwe Mama Lushinge, akimenya karanga. Baba akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," naye akaitikia bila kuacha karanga zake.

Punda alikuwa nyuma ya zizi. Mwanangu, nilikuwa nimemwota mnyama mwenye masikio yaliyosimama. Huyu kwato zilikuwa zimekua mpaka zimepinda juu, mgongoni madebe ya maji yalikuwa yamemchimba kidonda, na nzi walikuwa wamehamia hapo kama watu waliopewa kiwanja. Baba alimzunguka. Akamfungua kinywa, akamwinua mguu, akamgusa mgongo, na punda akanywea.

"Amechoka tu," alisema Lushinge. "Mwaka huu maji yako mbali, si unajua mwenyewe?"

Baba alikung'uta mikono. "Lushinge, mimi nimekuja kutafuta miguu. Kilema ninacho tayari nyumbani."

Alilisema neno lile bila hasira, kama mtu anayesema mvua imechelewa. Nadhani alisahau kwamba nilikuwa nyuma yake. Baba yangu alinipenda, na sijawahi kulitilia shaka hilo, lakini siku ile niliumia mpaka masikio yakawa moto. Nikaona haya kumtazama mtu yeyote, nikamtazama punda. Alikuwa ameegemea upande mmoja, mguu mbovu kaugusisha chini kidogo tu, usibebe uzito. Ndivyo ninavyosimama mimi.

Nikachechemea hadi pale alipo, nikamvalisha kamba yangu.

Lushinge alicheka. "Mtoto anacheza. Ivue, binti."

"Haivuliwi," alisema Mama Lushinge, ambaye alikuwa amesogea na ungo wake bila sisi kumwona. "Kamba ya nani hiyo?"

"Yangu, bibi. Nimeisokota mwenyewe."

"Basi mwenye kamba amenunua." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe Masanja, hujafa hujaumbika. Wewe na huyu mwanangu mmesimama hapa mnamtazama mnyama aliyeharibiwa kwa kutotunzwa, mnasema ndivyo alivyo. Mwanangu, ng'wana wane, mtu akikukuta wewe siku ya njaa, aseme ulizaliwa mwembamba?"

Mtu mzima akikaripiwa na mama wa umri ule huinamisha kichwa, baba naye akainamisha. Tulirudi polepole, baba akikokota baiskeli, mimi juu yake nimeshika kamba, punda akijivuta nyuma. Nami niliogopa, maana mbuzi wetu walikwisha kwenda, na kama punda asingepona ningekuwa nimeifunga shule kwa kamba yangu mwenyewe.

Baba alianza kumpunguza kwato kidogo kidogo. Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, na kweli alimpiga baba teke moja la paja. Baba akasema amestahili.

Lakini mvua hazikumsubiri punda. Zilianza kidonda kikiwa bado kibichi. Asubuhi ya kwanza ya matope nilikaa mlangoni na begi langu la kitambaa, nikijua mambo yamekwisha. Baba akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanipa mgongo.

"Panda," alisema.

Akanibeba. Siku zote zile, wakati wa kupanda pamba, mama akilima peke yake asubuhi, baba alinibeba kuvuka mbuga, na punda akatufuata bila mzigo wowote ili azoee njia. Ungesikia watu! "Masanja, punda ni nani hapo?" Baba aliwajibu, "Ni mimi, mpaka mwenzangu apone."

Siku moja katikati ya mbuga, matope yakimfika magotini, akasema, "Kabula, lile neno."

"Lipi, baba?" Nililijua.

"La kwa Lushinge. Liliponitoka sikuwa nimekutazama."

"Najua, baba," nikamwambia, nikalaza shavu langu kisogoni pake. Kilikuwa na jasho na matone ya mvua. Mpaka leo, nikisikia harufu ya udongo ulioloa, namkumbuka baba.

Punda alipona kabla mvua hazijakatika. Alinipeleka shule mpaka nikamaliza darasa la saba, na akazeekea kwetu.

Mwanangu, nawe utaletewa viumbe wa kuwatazama: mke, mtoto anayechelewa kusema, kibarua uliyempata Katoro, mama yako akianza kusahau. Usiseme upesi "ndivyo alivyo." Uliza kwanza nani alimtwika, na nani aliacha kumtunza. Tazama pia nani amesimama nyuma yako kabla hujafungua kinywa, kwa sababu neno likitoka halirudi. Na likikutoka, maana litakutoka, omba radhi, kisha tafuta mzigo wa huyo uliyemuumiza, uubebe mchana watu wakikuona na wakikucheka.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu kwa ajili ya walio wako. Na siku miguu yako itakapochoka, ukakaa mlangoni ukidhani mambo yamekwisha, akuletee mtu wa kuchuchumaa mbele yako na kukuambia, "Panda."