Umande wa Yurya

Dada yangu Paraska tulimzika wiki iliyopita. Padri alihubiri vizuri, lakini alimjua uzeeni tu, akiwa mama mkali aliyekagua vikapu vya watu sokoni. Nami nimebaki peke yangu katika ukoo wetu, kwa hiyo nimeona niseme alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa tabibu wa kijiji chetu cha Zabalotse, ambacho leo kimebaki makaburi na vichaka. Alikuwa mrefu, mwenye hatua ndefu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye sindano. Watu walimpenda kwa sababu hakuwaficha ugonjwa.

"Mzee Zinovi, ini lako limechoka na pombe."

"Basi lipumzike, binti yangu. Mimi naendelea."

Ndivyo alivyokuwa. Alisema neno lilivyo, kisha akakushika bega. Kwa hiyo ile asubuhi moja aliyosema uongo haikumtoka moyoni mpaka anakufa.

Mtambo wa nyuklia uliungua usiku wa kuamkia Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi. Sisi tulikuwa mbali kiasi, ng'ambo ya mto na misitu, wala hakuna aliyetuambia kitu. Tulibariki matawi yetu, tukafunga Juma Kuu, tukaoka mikate ya Pasaka. Siku zilikuwa za joto na upepo mzuri. Mungu atusamehe, tulimshukuru kwa upepo ule.

Jumatatu ya Pasaka akaja bwana mmoja kutoka wilayani. Mimi nilikuwa zahanati, nimempelekea dada mayai mekundu ya sikukuu, nikayasikia yote.

"Ng'ombe wasitoke zizini," alisema yule bwana bila kukaa. "Watoto wabaki ndani, madirisha yafungwe. Lakini usitaje mionzi. Ukiitaja, watu watakanyagana barabarani."

"Kesho ni Yurya," dada akamwambia.

"Yurya ndiye nani?"

"Mtakatifu Georgi. Kesho kijiji kizima kinatoa ng'ombe. Na watoto wanagaagazwa kwenye umande."

"Mambo ya mabibi hayo. Waambie kuna mafua. Maelezo kamili yatakuja."

Akaondoka na yai letu moja mkononi. Nikamuuliza dada, "Utafanya nini?" Akasema, "Nitafanya nilivyoambiwa. Yuko sahihi, watu wakishtuka wataumizana." Nadhani alitaka sana liwe kweli.

Siku ya Yurya kwetu haikupita hivihivi hata wakati kanisa lilipokuwa limefungwa na serikali. Alfajiri kila nyumba humtoa ng'ombe wake kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi, akichapwa kidogo kwa matawi yaliyobarikiwa. Akina mama huwavua watoto viatu na kuwalaza kwenye nafaka changa wagaegae, walowe umande, wawe na afya mwaka mzima. Sisi wenyewe tulikua hivyo.

Paraska alitangulia, akasimama mahali njia inapoingia shambani, koti jeupe la kazi juu ya sweta.

"Rudini nyumbani!" aliita. "Kuna mafua mabaya! Watoto wasiguse majani!"

Khrystsina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amembeba bintiye Alesia, wakati huo bado mtoto mdogo, wa umri wa kusema kila kitu kwa kelele. Akacheka.

"Mafua? Paraska, umelala vibaya? Si ndiyo maana namleta kwenye umande, asipate hayo mafua!"

"Vua viatu na wewe, mama tabibu," mwingine akadakia. "Huenda Yurya akakupa mume mwaka huu!"

Njia nzima ikacheka. Hapo ndipo nafasi yake ilipokuwa. Uongo ule ulikuwa umewapa sababu ya kuingia shambani kwa haraka zaidi, na Paraska aliliona hilo. Nilimwona akifungua mdomo. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na alikuwa nalo. Akaufunga.

Alesia aligaagaa mpaka gauni likaganda mwilini. Mama yake alilowesha kitambaa kwenye majani akampangusa uso na shingo, akiomba kwa sauti ndogo. Jioni mtoto alikunywa maziwa ya ng'ombe aliyeshinda malishoni. Watoto wote walikunywa. Vidonge vya iodini, vya kukinga tezi ya shingo dhidi ya mionzi, vililetwa majuma kadhaa baadaye, wakati havikuwa na kazi tena.

Miaka ikapita kabla hatujahamishwa na kupewa nyumba za matofali katika mji huu. Alesia alikuwa msichana wa shule shingo ilipoanza kuvimba. Walimpasua tezi katika mji mkuu. Aliishi, namshukuru Mungu, ana kidonge cha kumeza kila asubuhi na kovu kama mkufu mwembamba.

Siku Alesia alipotoka hospitali, Paraska alikwenda kwa Khrystsina, nami nikamfuata.

"Nilijua," alisema mlangoni. "Asubuhi ile ya Yurya. Nilikuwa nimeambiwa."

"Ulijua, ukasema mafua?"

"Ndiyo."

Khrystsina aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa.

Tangu hapo dada hakunyamaza tena. Aliomba kazi ya kupima chakula, akazunguka masoko na mikutano na kipimo chake cha mionzi, hata watoto wakamwita Shangazi Usile. Katika mkutano mmoja mkubwa, mkuu fulani alieleza kwamba hali ni ya kawaida na hofu ndiyo inayowaugulisha watu. Paraska akasimama.

"Kawaida si jibu. Mama huyu anauliza kama mwanawe ale uyoga wa msitu ule. Mwambie ale au asile."

Mkuu akaanza kuzungusha maneno. Paraska akamgeukia yule mama: "Usimpe. Na maziwa nilete niyapime kwanza."

"Na vodka je, Shangazi Usile?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Hiyo usinywe kwa sababu nyingine. Mkeo ameshaniambia."

Watu walicheka, lakini maziwa waliyaleta. Naamini wako watoto waliokua salama kwa sababu yake. Nilipomwambia hivyo, alijibu, "Hao sikuwanyamazia. Hesabu yangu iko kwa yule mwingine."

Kila mwaka, Jumapili ya kuombana msamaha kabla ya Kwaresima, kanisani tunainamiana mmoja mmoja. Mtu husema, "Nisamehe." Nawe hujibu, "Mungu atakusamehe, nami nakusamehe." Kila mwaka Paraska alipanga foleni mbele ya Khrystsina, akainama mpaka vidole vikagusa sakafu.

"Nisamehe, Khrystsina."

"Mungu atakusamehe."

Na hapo aliishia. Dada alingoja kidogo, kisha akapisha mtu mwingine. Njiani kurudi alikuwa akisema, "Labda mwakani." Safari ya mwisho, magoti yakiwa yameshakataa, mimi ndiye niliyemwinua pale chini.

Alikufa kabla ya Kwaresima kufika.

Kwetu waombolezaji pia humwomba marehemu msamaha kabla jeneza halijafunikwa. Khrystsina alikuja ameshikwa mkono na Alesia, mwanamke mzima sasa, kola ya blauzi imefungwa mpaka juu. Mama yule aliinama akaweka paji la uso kwenye mikono ya dada yangu.

"Nisamehe, Paraska," alisema. "Nilikuwa nimepanga kumalizia ile nusu nyingine mwaka huu."

Alingoja kana kwamba atajibiwa. Kisha akaniinulia macho mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kujibu badala ya marehemu.

"Mungu atakusamehe," nikasema.

Nusu iliyobaki niliijua tangu utoto. Nilimtazama dada yangu, nikakumbuka mgongo wake ulioinama na vidole vyake sakafuni, nikaizuia mdomoni. Khrystsina hakuondoka. Alesia alitutazama wote wawili, mkono wake ukiwa kooni.

"Nami nakusamehe," nilisema hatimaye.

Niliichelewesha, naye aliona.