Rangi ya Jiko la Ba

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimpeleka baba kula. Siku hizi miguu haimruhusu kutembea sana, lakini tumbo lake bado la kijana, na alikuwa amesikia kwamba kwenye jengo jipya la maduka katikati ya jiji kuna ukumbi wa vyakula vya Kiasia. "Wachina wapo, Wahindi wapo, kila mtu na kibanda chake," aliniambia kwenye simu, kama anayesimulia harusi. Basi tukapanda lifti hadi juu kabisa, nikamtafutia kiti mbali na upepo wa kiyoyozi, nikaenda kupanga foleni kwa Wahindi. Nikarudi na trei ya bajia, kachori, wali wa njano na vibakuli vya mchuzi. Chatini ilikuwa kwenye kipakiti cha plastiki, unachana kwa meno.

Baba alikula bajia tatu mfululizo, akajifuta midomo. "Tamu," akasema. "Miaka mingi sijala kitu kama hiki."

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikasema nakwenda kunawa, nikakaa huko hadi macho yakakauka. Bajia zile hazikuwa tamu. Katikati zilikuwa za baridi na unga haukuiva. Na baba huyu huyu, utoto wangu wote, alikula bajia nzuri kuliko zote Kariakoo, zilizokaangwa nyuma ya duka lake mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa upande wa kuelekea Gerezani, kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Chini, mbele, palikuwa na duka la baba la vyombo vya jumla: sufuria, mabeseni, vikombe vya bati vilivyofungwa kwa kamba kumi na mbili kumi na mbili. Juu tulikaa sisi, Wachaga walioshuka kutoka Moshi kabla sijazaliwa. Nyuma, uani, vyumba viwili vilikuwa vya mjane mmoja wa Kihindi na mjukuu wake wa kike. Mjukuu alimwita bibi yake Ba, na sisi tukamwita Ba, na mwisho mtaa mzima ukamwita hivyo, hata wapagazi wa mikokoteni. Sote tulikuwa wapangaji wa mzee mmoja wa Magomeni, aliyekuja kila mwisho wa mwezi na kofia yake ya viua, akanywa chai, akaondoka.

Ba alikuwa akikaanga kwa kuuza. Dirisha la jiko lake lilitazama uchochoro, na kuanzia saa kumi jioni watu walijipanga pale. Mimi na mjukuu wake tulikuwa darasa moja. Tukitoka shule tulivua viatu, tukakaa kwenye ngazi na beseni la viazi katikati yetu, tukimenya. Yeye alimenya ganda jembamba hadi unaona mwanga ukilipenya. Langu lilitoka na nusu ya kiazi, na Ba alilichukua, akalitazama, akaniuliza kama nina ng'ombe nyumbani wa kumlisha. Halafu mbegu za haradali zilianza kupasuka kwenye mafuta, na harufu ya bizari ikapanda ngazi hadi chumbani kwetu, ikaingia kwenye mashuka, kwenye sare za shule, hata kwenye kitabu cha nyimbo cha mama. Mwalimu wetu alikuwa akituambia tunanuka mchuzi. Tulicheka. Bajia za kwanza, zile za kupima chumvi, zilikuwa zetu.

Ba hakula nyama wala mayai. Mama alilijua hilo, akaweka kisu kando na sufuria kando, na kila Jumamosi alimpikia ndizi kwa maziwa bila nyama, akazishusha uani zikiwa za moto. Ba alikula akiwa amekaa kwenye kigoda, akimwambia mama, "Wewe ukirudi Moshi, mimi nakufuata."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja yule mzee wa Magomeni alipofariki. Watoto wake hawakutaka nyumba, walitaka kugawana. Jioni moja, mezani, baba alisema nyumba ameinunua yeye. Ataivunja, ajenge ghorofa ya maduka. Mama aliacha kula.

"Na Ba?" akauliza.

"Atapata barua, kama mpangaji yeyote." Kisha akatugeukia sisi watoto. "Neno hili lisivuke mlango huo. Karatasi bado hazijakamilika."

Kwa hiyo nilijua. Wiki tatu nzima nilijua, na kila siku nilishuka kumenya viazi. Nilifikiri nikikaa kimya sana labda jambo lenyewe litasahaulika.

Siku moja wakaja watu wawili na futi ya kupimia. Walipima ukuta wa uani, wakapima mlango wa Ba, wakaandika kwenye daftari. Mjukuu alinigusa kwa kiwiko.

"Wewe, mbona wale wanapima kwetu?"

Ningeweza kusema sijui. Neno sijui lingetosha. Lakini nilikuwa mtoto wa mwenye nyumba tayari, ingawa hakuna aliyejua, na nikataka kumpa kitu kizuri. "Wanataka kupaka rangi," nikasema. "Nyumba nzima."

Alitupa kisu, akakimbilia jikoni. Nikamsikia akimwambia bibi yake kwa Kigujarati, haraka haraka, kisha Ba akatoka na unga mikononi, uso umeng'aa. Diwali, sikukuu yao ya taa, ilikuwa inakaribia na kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi.

"Mwambie baba yako," akasema, "jikoni aniwekee kijani. Kijani kidogo, kama ndani ya tango."

"Sawa, Ba."

Sikumwambia baba chochote. Lakini Ba alianza kujiandaa. Alishusha rafu zote, akatoa makopo yake ya viungo uani, akayapanga kwenye gunia. Alisugua kuta kwa sabuni na brashi, akiwa amepanda kwenye stuli, mwanamke wa umri ule, ili rangi ishike vizuri. Aliwaambia wateja dirishani kwamba siku mbili tatu hatakaanga, mafundi wanakuja. Mjukuu alisugua naye. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishika ndoo ya maji.

Barua ikaja Jumatatu. Mama alimsomea Ba, maana ilikuwa ya Kiingereza cha wanasheria, akaigeuza kwa Kiswahili polepole, sentensi moja baada ya nyingine, bila kuinua macho. Ba alipanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Baba alikuwa amekaa na redio yake.

"Mangi," Ba akasema, kama mtaa ulivyomwita kila Mchaga mwenye duka, "mtoto alisema rangi."

Baba akanitazama. Nikaangalia sakafu. Baba akasema, "Watoto husema mengi, mama."

  Ba alivuta ncha ya sari yake begani, akashuka, akishika ukuta kila ngazi.

Waliondoka asubuhi ya siku ya shule, kwa gari dogo la mizigo, kwenda chumba kimoja cha ndugu yao Upanga. Mama alibeba makopo ya viungo mwenyewe, akamkatalia mpagazi. Mjukuu alikuwa ameshapanda nyuma, juu ya godoro. Nikamsogelea. Nilitaka kusema lolote.

"Ulikuwa unajua," akasema. Hakuniuliza. Akageuka upande mwingine, gari likaondoka.

Upanga hakukuwa na uchochoro wala wateja. Ba hakuumaliza mwaka. Mama alikwenda msibani peke yake, akarudi, akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Tangu siku ile hadi anakufa hakupika tena ndizi kwa maziwa, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Basi niliporudi mezani, kule kwenye ukumbi wa vyakula, nilimuuliza. "Baba, unamkumbuka Ba? Yule mama wa uani?"

Alitafuna kwanza. "Yule Mhindi? Nilimtendea haki. Sheria ilisema siku thelathini, nikampa arobaini."

"Alisugua kuta, Baba. Alidhani tunampakia rangi."

"Nani alimwambia rangi?"

Nikachana kipakiti kingine cha chatini. Aliniangalia kwa huruma kidogo, kama unavyomwangalia mtu mzima anayeogopa paka. "Mama," akasema, na huniita hivyo akinipenda, "jengo lile ndilo lililokusomesha. Kula, chakula kinapoa."

Nikala.

Mjukuu sijui alipo. Nimewahi kuuliza Upanga mara mbili. Mmoja alisema Nairobi, mwingine akasema Uingereza, aliolewa. Pale tulipokaa pana jengo la baba, ghorofa tano za maduka, mikoba na mapazia kutoka China, na kuanzia saa kumi na mbili mlinzi anafunga geti na hakuna mtu hata mmoja anayelala humo. Mtaa mzima uko hivyo sasa. Kariakoo ile ya watu kupikiana, watoto wa dini tatu kwenye ngazi moja, huwa nawasikia watu wa rika langu wakiililia, wakilaumu serikali, wakilaumu Wachina. Mimi hukaa kimya. Naijua iliondokaje.

Mwaka huu baba ameliandika jengo lile kwa jina langu. Wakili alileta karatasi nyumbani, akanionyesha pa kutia sahihi. Nikatia.